Togakushi kwa miguu: mwongozo kamili wa kutembelea mahekalu matano ya mlima wa Nagano, Japani

Wageni wengi wanaokwenda Togakushi hupitiliza na basi hadi juu, hutembea mpaka kwenye safu ya miti mikubwa, hupiga picha, kisha hugeuza kurudi mjini. Siwalaumu, maana ile miti peke yake inatosha kumtoa mtu kwao. Ila wanakuwa wamefika mwisho wa ngano bila kusikia mwanzo wake. Togakushi si hekalu moja. Ni mahekalu matano ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, yaliyotapakaa mlimani, na ukianzia lile la chini unapanda pamoja na kisa kimoja hatua kwa hatua hadi kinapoishia. Mimi mara ya kwanza nilianzia juu kama wengine. Mara ya pili nilianzia chini, na tangu hapo kila anayeniuliza namwambia neno moja: shuka Hokosha, hekalu la chini, panda kwa miguu.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kuamka alfajiri na kuupa mlima siku nzima.

Kwanza kijue kisa

Usiende bila kukijua, kwa sababu kila hekalu ni la mhusika mmoja wa kisa hicho.

Wajapani wanasimulia kwamba Amaterasu, mungu wa kike wa jua, alikasirishwa na fujo za ndugu yake Susanoo. Akaingia pangoni, akaziba mlango kwa jiwe, na ulimwengu wote ukawa giza. Miungu mingine ikakusanyika nje kushauriana. Mwenye hekima kati yao, Omoikane, akatunga hila. Ame no Uzume akapanda juu ya beseni lililopinduliwa akacheza ngoma ya vituko mpaka miungu yote ikaangua kicheko. Amaterasu kule ndani akashangaa: mimi nimejificha, wao wanachekea nini? Akafungua kidogo achungulie. Hapo Tajikarao, mwenye nguvu za mikono, aliyekuwa amejibanza kando, akaung'oa mlango. Nuru ikarudi.

Ule mlango wa jiwe aliutupa mbali usije ukatumika tena. Ukaruka angani, ukaanguka kwenye nchi ya Shinano, ambayo leo ni mkoa wa Nagano, ukawa mlima. Ndiyo maana ya jina: *to* ni mlango, *kakushi* ni kuficha. Ukiutazama mlima Togakushi wenyewe, mita 1,904, utaona kweli unafanana na ubao wa jiwe uliovunjika kingo, umesimama wima na meno yake juu.

Maandalizi kabla ya kuondoka nyumbani

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Japani. Ubalozi wa Japani upo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Watakutaka fomu, picha, ratiba ya safari siku kwa siku, mahali utakapolala, na uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu. Ratiba iandike kwa umakini. Togakushi iweke kama siku moja au mbili, na usiku wa Nagano uuonyeshe wazi. Anza mapema, kwa sababu karatasi moja ikikosekana utarudishwa ukaitafute.

Wakati gani uende? Kwa maoni yangu, katikati ya Oktoba hadi mwisho wake hakuna pa kulinganisha. Majani yanageuka manjano na mekundu, unga mpya wa soba, tambi za huku, unakaribia kutoka, na asubuhi kuna baridi ya Makete mwezi wa saba. Mei na Juni nako kuzuri, kijani kibichi kila upande. Julai na Agosti watu wa mijini wanapanda kukimbia joto. Kuanzia Desemba theluji inafunika kila kitu. Njia ya hekalu la juu inakuwa ya wenye viatu maalumu vya theluji, na huduma za kule juu husimama kwa kipindi kirefu cha baridi. Hata mwishoni mwa Aprili unaweza kukuta theluji imeganda njiani, ngumu na telezi. Kama hujawahi kutembea kwenye theluji, miezi hiyo iache.

Kuna jambo jingine la kalenda. Kila baada ya miaka sita, katika mwaka wa ng'ombe na mwaka wa kondoo kwa hesabu ya Wajapani, hufanyika sherehe kubwa ya majira ya kuchipua. Mungu wa hekalu la chini hubebwa kwa maandamano kwenda kumwamkia baba yake kwenye hekalu la kati. Ilifanyika 2015, ikafanyika 2021, na zamu inayofuata ni 2027. Ukitaka kuikuta, tafuta chumba mapema sana.

Mavazi ni suala la viatu zaidi ya nguo. Vaa viatu vyenye soli yenye meno, si raba laini wala sandali, maana ngazi za mawe zina kuvu na hazikauki. Beba koti jepesi la mvua hata kama Nagano mjini kuna jua, kwani mji uko kama mita 370 na hekalu la kati liko karibu mita 1,200. Beba chupa ya maji, taulo ndogo ya mkono, na fedha taslimu pamoja na sarafu ndogo. Milimani maduka mengi hayana habari na kadi yako.

Na kengele ya dubu. Msitu huu una dubu weusi wa Asia wenye alama nyeupe kifuani. Hawapendi kukutana na mtu, hivyo ukiwatangulizia sauti wanajiondokea wenyewe. Kengele ndogo ya kufunga kwenye begi inauzwa madukani Nagano. Kama huna, ongea na mwenzako, au imba.

Kufika

Kutoka Tokyo panda treni ya mwendo kasi ya Hokuriku hadi stesheni ya Nagano. Njia hiyo ilifunguliwa 1997, ili iwahi michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998. Treni ya haraka zaidi hutumia saa moja na dakika ishirini hivi, na nauli ni zaidi kidogo ya yen 8,000 kwa upande mmoja. Ukiwa na muda, lala Nagano usiku wa kwanza. Mji una hekalu kubwa la Kibudha la Zenkoji, na ukilala hapo utaweza kuwahi basi la asubuhi. Hili la kuwahi ndilo linaloamua siku yako.

Toka stesheni kwa mlango wa upande wa Zenkoji utafute basi la kampuni ya Alpico la kwenda Togakushi. Nunua tiketi ofisini kwao hapo hapo, na uulizie tiketi maalumu ya kupanda na kushuka utakavyo huko mlimani, kwa sababu utapanda zaidi ya mara moja. Ukiingia bila tiketi, mlangoni kuna kijimashine kinachotoa karatasi yenye namba. Ichukue uitunze. Basi halina konda. Mbele juu ya dereva kuna ubao wenye namba na nauli. Unapotaka kushuka unaangalia nauli iliyo chini ya namba yako, unaitumbukiza pamoja na ile karatasi. Dereva harudishi chenji ya noti kubwa, ila kuna mashine ya kuvunjia fedha kando yake. Vunja wakati basi limesimama, si ukiwa mlangoni na foleni nyuma yako.

Safari ni kama saa moja, kona juu ya kona. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Mabasi si mengi, na kuna saa linapita moja tu. Piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka stesheni. Mimi niliwahi kukosa basi kwa dakika mbili, nikasimama kituoni jioni ya baridi muda mrefu kuliko nilivyotaka, na picha hiyo ingeniokoa.

Hekalu la kwanza: Hokosha

Shuka kituo cha Hokosha. Utaona lango la torii, nguzo mbili zenye boriti mbili juu. Hapo ndipo eneo takatifu linapoanzia. Simama, inamisha kichwa kidogo, kisha pita ukiwa upande mmoja. Katikati ya njia huachiwa mungu.

Mbele yako kuna ngazi za mawe zaidi ya 270, zimesimama kama ukuta katikati ya miti. Panda taratibu. Wenye magoti mabovu wana kijia cha mzunguko kando yake. Juu kuna jengo la mbao la mwaka 1861. Usilitazame kwa mbali ukaondoka, sogea chini ya paa la mbele uinue macho. Mbao zimechongwa majoka na wanyama wa ngano, mikunjo ya shingo na magamba yakitoka nje ya boriti, na hakuna rangi hata tone. Mti umeachwa uzeeke wenyewe ukawa kijivu. Mtu aliyekulia karibu na milango ya Lamu au ya Mji Mkongwe ataisoma kazi ile bila mkalimani.

Aliyemo ni Uwaharu, mtoto wa yule mwenye hekima. Watu humwomba kwa ajili ya elimu, kazi za mikono na uzazi salama.

Namna ya kunawa na kusimama mbele ya hekalu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapobabaika, na utaratibu huu utautumia siku nzima.

Kabla ya kusogea kwenye hekalu kuna birika la mawe lenye maji na kata za mpini mrefu. Shika kata kwa mkono wa kulia, chota mara moja tu, maji hayo yatoshe kwa yote. Osha mkono wa kushoto. Hamishia kata kushoto, osha wa kulia. Rudisha kata kulia, mimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, teme chini kando, kamwe usitemee ndani ya birika. Usiweke midomo kwenye kata. Osha tena kiganja cha kushoto. Mwisho simamisha kata wima, maji yaliyobaki yatiririke kwenye mpini na kuuosha kwa ajili ya anayekuja nyuma yako, kisha ilaze kifudifudi mahali pake. Aliyezoea udhu ataona ni jambo analolielewa: mwili unatanguliwa na maji kabla ya kusimama mahali patakatifu. Kama kata hazipo, kwa kuwa sehemu nyingi ziliondolewa wakati wa korona, nawia kwenye maji yanayochuruzika. Hapo ndipo ile taulo itakapokufaa.

Mbele ya hekalu kuna sanduku la sadaka lenye vijiti juu yake. Dondosha sarafu kwa upole. Watu hupenda ya yen 5, kwa kuwa matamshi yake, *go-en*, yanafanana na neno la kuungana na kujaliwa. Kisha inama sana mara mbili, piga makofi mawili, nyamaza na useme lako moyoni, inama mara moja ya mwisho. Ondoka kwa kupisha pembeni.

Je, Mwislamu au Mkristo afanyeje? Naulizwa hili mara nyingi, na ni swali la haki. Hakuna anayeuliza dini yako mlangoni, hakuna kiingilio, na halazimishwi mtu kuinama wala kutoa sadaka. Ukiona kuinama kunagusa imani yako, simama kando kimya, kofia mkononi, waache wanaosali wamalize, halafu sogea utazame. Wenyeji wataliona hilo kuwa ni heshima. Kinachowaudhi ni kupanda ngazi za ukumbi kupiga picha ndani, kukaa kwenye kizingiti, na kupaza sauti wakati mtu amefumba macho.

Kupita msituni: Hinomikosha hadi Chusha

Kutoka Hokosha usirudi barabarani. Kuna njia ya kale ndani ya msitu, Kan no Michi, inayopita kando ya hekalu kuelekea juu. Ni nyembamba, ya udongo na majani, na haina mwinuko wa kutisha. Iache kengele yako ilie. Ndani ya robo saa au dakika ishirini utatokea Hinomikosha.

Ni hekalu dogo, na wengi hulipita bila kugeuka. Usifanye hivyo. Huyu ndiye Uzume, aliyecheza mpaka miungu ikacheka. Waigizaji, wanamuziki na wachezaji huja kumwomba. Kando yake umesimama mwerezi wenye vigogo viwili kutoka shina moja, Wajapani wanauita mti wa mume na mke. Mara nyingi utakuwa peke yako hapo, na kimya chake kinasikika.

Endelea na njia, baada ya muda kama huo utafika Chusha, hekalu la kati. Hapa ndipo kijiji kilipo, na maduka na migahawa. Mwenyeji wa hekalu hili ni Omoikane, aliyetunga ile hila. Jengo la zamani liliungua 1942 na la sasa lilijengwa 1956. Ukumbini, darini, lilikuwapo joka lililochorwa na Kawanabe Kyosai, mchoraji mashuhuri wa karne ya 19. Liliteketea pamoja na jengo, na 2003 lilichorwa upya. Mbele ya hekalu kuna mierezi mitatu iliyopandwa kwa umbo la pembetatu, yenye umri unaotajwa kupita miaka 800. Masimulizi ya mahali hapo yanasema iliwekwa na mvuvi aliyemuua nguva, na watoto wake wakala nyama yake bila kujua, ikawafika balaa. Akajitoa katika dunia, akaipanda miti hii kuomba msamaha. Nimefurahi siku zote kukuta nguva juu mlimani, mbali kiasi kile na bahari.

Fanya mambo mawili hapa Chusha. La kwanza, omba *omikuji*, karatasi ya bahati. Kwingine unatikisa kopo ukachomoa kijiti. Hapa unataja umri wako, na kuhani anakuombea dua fupi kisha anakuchukulia karatasi. Umri wanaoutaka ni wa hesabu ya kale, ambapo mtoto anazaliwa akiwa na mwaka mmoja na kila mwaka mpya anaongeza mwingine. Chukua mwaka wa sasa, toa mwaka uliozaliwa, ongeza moja. La pili, kama unakusanya *goshuin*, yaani mihuri ya hekalu yenye maandishi ya wino kwa mkono, nunua daftari lake hapa. Mpe mwandishi ukurasa ukiwa umeufungua, toa fedha kamili, usubiri kimya.

Chakula cha mchana

Togakushi na soba ni kitu kimoja. Soba ni tambi za kahawia zinazotengenezwa kwa unga wa nafaka ya milimani inayopenda baridi na ukungu, na hapa vyote viwili vimejaa. Zinaletwa juu ya ungo mdogo wa mianzi, zimekunjwa vifurushi vidogo, mara nyingi vitano, vimelala mstari mmoja, bado vina majimaji. Ungo huo nao husukwa kijijini hapo kwa mianzi myembamba ya mlimani, na ukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, nunua huo badala ya vidoli vya stesheni.

Chukua kifurushi kimoja kwa vijiti, chovya nusu yake kwenye mchuzi wa baridi wenye kitunguu, wasabi (kiungo cha kijani kinachowasha) au figili iliyokunwa, vuta kwa sauti. Kuvuta kwa sauti si utovu wa adabu. Ukimaliza wataleta birika la maji meupe yaliyochemshia tambi. Mimina kwenye mchuzi uliobaki unywe.

Sasa tahadhari, kwa sababu zinawagusa wasomaji wangu wengi. Ule mchuzi karibu kila mara umetiwa mirin, kileo cha mchele cha kupikia, na umechemshwa na samaki. Anayejizuia na kileo aombe tambi kwa chumvi na wasabi pekee. Baadhi ya migahawa inakubali na wengine wanasema ndivyo ladha ya nafaka inavyoonekana. Kingine: kuna watu ambao mwili unaikataa soba vibaya sana, mpaka pumzi inabana. Kama una historia ya mzio mkali wa vyakula, usijaribu soba kwa mara ya kwanza kwenye mlima. Migahawa mingine hufunga tambi zinapoisha, na mara nyingi ni mapema alasiri. Kula kabla ya saa sita mchana haijageuka saa saba.

Okusha, hekalu la ndani

Kutoka Chusha hadi mlango wa Okusha unaweza kupanda basi kwa dakika chache, au kuifuata njia ya zamani ya mahujaji. Kwenye njia hiyo utapita mahali ambapo, hadi zama za Meiji, wanawake walitakiwa kusimama. Walisali katika nyumba ndogo hapo na kuinamia mlima kwa mbali. Karibu yake lipo jiwe ambalo masimulizi yanasema ni mtawa wa kike aliyeuvuka mpaka akageuka jiwe. Leo wanawake wanapita, na ninapoona bibi wa Kijapani na fimbo yake akilipita jiwe lile bila kugeuza shingo, nafurahi.

Mlangoni pa Okusha malizia haja zako na ujaze maji. Mbele ni kilomita 2 kwenda, dakika kama arobaini, na njia nzima ni ya miguu.

Kilomita ya kwanza ni sawa kabisa, kijito upande mmoja, msitu pande zote. Katikati ya safari utalikuta lango la Zuishinmon, jekundu lililofifia, paa lake la manyasi limeota majani na vimiti vidogo. Zamani lango hili lilikuwa la Kibudha, na walinzi wake walikuwa wa Kibudha pia. Togakushi kwa karne nyingi ilikuwa nyumba ya dini mbili zilizochanganyika, na ya watawa wa mlimani waliotafuta nguvu kwa kufunga na kukwea majabali. Katika karne ya 16 majeshi ya wababe wawili wa vita, Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, yalipokuwa yakigombea eneo hili, makuhani walikimbia na kukaa uhamishoni miaka ipatayo thelathini. Amani ikarudi, na 1612 Tokugawa Ieyasu, mbabe aliyekuwa ameishika Japani nzima, akaipa Togakushi ardhi ya kuitunza. Kisha 1868 serikali mpya ikaamuru Shinto na Ubudha vitenganishwe. Sanamu za Kibudha zikaondolewa, na mahali hapa pakawa pa Shinto pekee.

Ukivuka lango, ndipo mierezi inapoanza. Hapa usitoe simu kwanza. Zaidi ya miti 200, umri wake kama miaka 400, imesimama pande mbili za njia nyembamba, na shina moja mtu peke yake halikumbatii. Weka kiganja kwenye ganda: ni laini, lenye nyuzi kama kumbi la nazi, na lina joto kuliko hewa. Lakini usikanyage mizizi kutafuta pembe nzuri ya picha. Miti hii inachoka kwa udongo kushindiliwa na miguu yetu, na ndiyo sababu ya zile kamba utakazoziona. Ufike saa moja au mbili asubuhi kama umelala kijijini, utakuta ukungu umekaa kati ya vigogo. Adhuhuri ya Jumapili ya Oktoba utakuta umati.

Baada ya mierezi njia inainuka ghafla, ngazi za mawe zisizolingana, moja fupi moja ya kumfika mtu gotini. Hapa ndipo viatu vinapojulikana. Juu kabisa, chini ya jabali, yapo mahekalu mawili.

La upande wa kushoto ni Kuzuryusha, la joka lenye vichwa tisa. Linahesabiwa kuwa la zamani kuliko mengine, mungu wa mahali hapa kabla kisa cha pango hakijafika. Ni mungu wa maji na mvua, wakulima walipanda kumwomba ukame ulipozidi. Pia ni wa meno: mwenye jino bovu aliweka nadhiri ya kutokula mapeasi, kwa kuwa joka linayapenda. Kando yake ni Okusha, la Tajikarao, aliyeung'oa mlango. Usishangae kukuta jengo lake ni la zege. Maporomoko ya theluji yalilibomoa 1978, na aliyelijenga upya alikuwa na sababu. Inua macho juu ya paa uone ukuta wa mwamba uliosimama hapo. Ule ndio mlango wenyewe.

Kando ya hekalu kuna njia ya kukwea kilele. Usiifuate. Huko juu kuna ukingo wa jiwe unaoitwa Ari no Towatari, kivuko cha sisimizi, mwembamba kiasi cha kupita kwa magoti, na pande zote mbili ni shimo. Watu wamekufa pale. Ni ya wapanda milima wenye uzoefu na vifaa, si ya aliyekuja kuzuru.

Kurudi, au kulala

Kama miguu bado ina nguvu, ukifika Zuishinmon kata kuelekea Kagami-ike, bwawa la kioo, nusu saa hivi msituni. Siku isiyo na upepo safu nzima ya mlima inalala ndani ya maji.

Ukiweza, lala kijijini Chusha au Hokosha katika *shukubo*, nyumba za kuwapokea mahujaji. Nyingine zina mapaa makubwa ya manyasi, na baadhi bado zinaendeshwa na familia za makuhani. Mtaa huu ulitangazwa kuwa urithi wa kuhifadhiwa mwaka 2017. Bei huanzia takriban yen 10,000 kwa mtu pamoja na milo miwili. Waambie vyakula usivyokula siku unapoagiza chumba, si mezani. Viatu vinabaki mlangoni, kwenye mikeka hata kandambili hazikanyagi, na bafuni unaoga kwanza ukakamilika ndipo unaingia kwenye beseni la maji ya moto. Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, na ukichelewa umemchelewesha mpishi.

Asiyelala ashuke kwa wakati. Msituni giza linaingia kabla ya jua kuzama mjini. Ukifika torii ya mwisho geuka, inamisha kichwa kuelekea ulikotoka, kisha nenda kituoni. Panda, chukua karatasi yako yenye namba, na ukipata nafasi kaa upande wa dirisha la nyuma. Kona za mwanzo, msitu ukiachia kidogo, ule mlango wa jiwe unaonekana mara mbili tatu kabla barabara haijaanza kuteremka Nagano.